Wewe ni wa Nani

Mwaka jana tuliongeza tarakimu mbili
kwenye namba ya mkulima.
Mbili tu. Tukajenga upya programu arobaini na moja,
tukaisahau ya arobaini na mbili,
na Risper Achola wa Koru, aliyepeleka kiwandani tani kumi na saba za miwa,
akalipwa shilingi kumi na saba.
Alikuja nazo mpaka Kisumu, ndani ya bahasha,
akazihesabu mezani kwangu, moja moja,
asiseme neno.

Ndipo nilipoanza kuandika kichunguzi.

Programu elfu mbili mia tatu na sita.
Kila jina herufi nane, hakuna nafasi ya kujieleza.
Waliozitunga wamestaafu, wengine wamelala migombani Vihiga,
na kompyuta kuu inazijua
kama posta inavyolijua sanduku:
namba, si mtu.

Kichunguzi changu kina swali moja,
lile unaloulizwa matangani ukifika na sura ngeni,
kabla hujapewa kiti:
wewe ni wa nani?
Unamwita nani? Nani anakuita?
Umenakili daftari la nani ukalifanya lako?

Mwanzoni kilikuwa kijinga.
Hakikujua kwamba nyota kwenye safu ya saba ni kaburi,
kwamba kilichoandikwa mbele yake hakisemi tena.
Kikaniletea marehemu wa tangu themanini na sita,
kikawapanga foleni, wote wanadai kujengwa.
Nikakifunza kuruka makaburi.
Kikaruka na walio hai.
Nikakifunza tena. Kisha yakaja majina yaliyokatika,
nusu mwisho wa mstari, nusu mwanzo wa unaofuata,
kama mtu aliyeingia mlangoni na kuacha mguu nje.

Saa kumi, mvua ya Juni. Umeme ukakonyeza.
Jenereta ikakohoa mara tatu ndipo ikakubali.
Kwamboka wa zamu ya usiku akatazama kioo changu:
"Bado unachora mti wa ukoo?"
Si mti, nikamwambia. Mti una shina.
Hili ni gugumaji. Vuta jani moja hapa Dunga
uone ghuba nzima ikijongea.

Halafu nikamkuta yule.
LPMKT07. Mistari mia nne, msafi, hana mzazi.
Hakuna anayemwita.
Kichunguzi kikamwandika: yatima, afutwe.
Kidole changu kilikuwa tayari.
Lakini juu kabisa, nyuma ya nyota,
mle kaburini nilimokiagiza kisitazame,
mtu alikuwa ameandika:
USINIONDOE. NAITWA MARA MOJA KWA MWAKA.
Z. OMBIMA.

Nilimtafuta siku tisa.
Jina lake halikuwa kwenye msimbo wowote.
Lilikuwa kwenye faili ya data, rekodi ya mwisho,
linasomwa usiku wa thelathini na moja Desemba
na kuwekwa mdomoni mwa programu nyingine
isiyojua inamwita nani
mpaka imeshamwita.
Ndiye anayegawa bonasi.
Naye pia tulikuwa tumemsahau;
tarehe yake ya kuharibu tu ndiyo haikuwa imefika.

Hapo kichunguzi hakioni. Sijui kukifunza kunong'onezwa.
Nimefungua faili ndogo pembeni, naijaza kwa mkono,
ya wanaoitwa kwa siri.
Kufikia leo ina majina kumi na moja.
Sidhani yamekwisha.

Jana tumebadilisha daftari la mkulima tena.
Nikakiuliza kichunguzi: wangapi?
Arobaini na tatu, kikasema, upesi,
bila haya, kana kwamba kilijua tangu zamani.
Sikukiamini.
Nikachapisha orodha, nikazima kioo,
nikaihesabu mezani kwa kidole,
moja moja,
kama alivyohesabu Risper.